Je, Wakristo wa kwanza walilazimika kuuza mali zao zote?

Mkoani Mtwara, kuanzia Newala hadi Masasi, wapo waumini wanaoamini kwamba toba ya kanisa la kwanza ilimtaka kila mwongofu auze mali yake yote, na kwamba mwenye shamba la mikorosho leo bado hajatubu sawasawa. Imani hiyo haikuzuka hewani, kwani Matendo ya Mitume 2:44-45 na 4:32-35 inaeleza waziwazi jinsi waumini wa Yerusalemu walivyouza viwanja na nyumba, fedha zikagawiwa kwa kadiri ya uhitaji wa kila mtu.

Hata hivyo, katika 2:38 watu wanaitwa kutubu na kubatizwa. Kuuza mali hakutajwi kuwa sharti. Katika 5:4 Petro anamwambia Anania, muumini aliyeuza kiwanja na kuficha sehemu ya fedha, kwamba kiwanja kilikuwa chake kabla ya kukiuza, na hata fedha zilizopatikana zilikuwa katika uwezo wake. Kosa lake lilikuwa uongo, jambo ambalo nadhani hupitwa haraka mno mahubirini. Tena 12:12 inaonyesha waumini wakisali nyumbani kwa Mariamu, mama yake Yohana Marko, Yerusalemu humohumo, yaani alikuwa bado na nyumba yake. Zakayo naye, mtoza ushuru tajiri, katika Luka 19:8 aliwapa maskini nusu ya mali yake, si yote.

Kuhakiki ni kazi nyepesi: anayesikia aya moja ikitajwa afungue Biblia, asome sura nzima pamoja na inayofuata, kisha ajiulize kama maneno hayo yanasimulia lililotendeka au yanaamuru. Kuhusu utoaji, 2 Wakorintho 9:7 inasema kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, si kwa kulazimishwa.