Upasuaji wa pafu kwa matundu madogo

Barazani Chake Chake, ukisema fulani katolewa kipande cha pafu na siku ya nne karuhusiwa, hakosekani wa kuuliza: kapona, au vitanda vimejaa?

Swali lina haki yake. Kwa njia ya zamani daktari hupasua ubavuni mkato mrefu, kisha hutanua mbavu kwa chuma ili mikono ipite. Maumivu makubwa hutoka hapo. Pafu lenyewe halihisi kukatwa. Mishipa ya fahamu inayopita chini ya kila ubavu ndiyo inayobanwa, na wengine huumwa kwa miezi.

Upasuaji wa matundu madogo huziacha mbavu mahali pake. Mvuvi akitaka changu wake havunji dema. Lina tundu la kuwatolea. Baina ya mbavu hutobolewa tundu moja hadi manne, jengine la sentimita 1 tu, kubwa lao kiasi cha 3 hadi 5. Huku hupita kamera, kule vyombo virefu, na daktari hufanya kazi akitazama skrini. Mgonjwa yumo kwenye nusukaputi, pafu bovu limeachwa linywee, jengine linapumua peke yake. Kipande cha saratani hutiwa kifukoni kabla ya kuvutwa nje, seli zisimwagike njiani.

Hans Christian Jacobaeus wa Sweden alichungulia vifua vya wagonjwa kwa mrija tangu mwaka 1910, lakini kukata sehemu nzima ya pafu kwa kamera kumeanza miaka ya 1990.

Asiyeumwa sana hukohoa makohozi yakatoka, hushusha pumzi ndefu, hutembea wodini mapema. Nimonia hukosa pa kukaa. Hata hivyo, mwenye kauli ya mwisho ni mpira wa kifuani, ule unaoachwa ubavuni baada ya upasuaji kutolea hewa na maji: hautolewi mpaka hewa iache kuvuja na maji yapungue. Pafu lililochakazwa na sigara laweza kuvuja siku nyingi, hata tundu likiwa dogo vipi.

Na kwa Mpemba aliyepasuliwa Dar es Salaam, kuruhusiwa si kuvuka. Hewa iliyobaki kifuani hutanuka ndege inapopanda, basi daktari aulizwe kabla ya tiketi kukatwa. Boti haina hatari hiyo, ila kutapika kwenye mkondo wa Nungwi na kidonda kibichi ubavuni si mchezo. Bora kukaa kwanza kwa jamaa karibu na hospitali, mpaka eksirei ionyeshe pafu limejaa tena.