Je, wajua? Unaweza kuona siku zako kila mwezi na bado mirija ya uzazi imeziba

Miaka 4 shangazi yangu wa Kibuye alikuwa ananiambia, "Si unaona siku zako vizuri? Basi mtoto atakuja," na mimi nilimwamini kabisa, maana nilidhani damu ya mwezi inapitia kwa mirija, so kama imeziba damu ingekwama huko ndani. Sivyo. Damu inatoka kwa ukuta wa mfuko wa uzazi na inashuka moja kwa moja, mirija iko juu huko pembeni na haihusiki kabisa. Kuona siku ni kama kusikia mtu anafagia nyumba, unajua kuna mwenyewe ndani lakini kuhusu barabara ya kufika hapo hujaambiwa kitu. Na kuna miezi mwili unaona siku bila hata kutoa yai.

Mrija wenyewe ndio ulinishangaza. Haujashikana na ovari, pale mayai yanakotoka, vile nilidhani. Yai likitoka, ncha ya mrija iliyo kama vidole inapapasa mpaka inalidaka, na wakati mwingine inadaka hata la ovari ya upande wa pili! Yai halina mkia, halijui kuogelea. Fikiria gugu maji pale Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria, asubuhi liko huku, jioni upepo umelisukuma kule. Ndani ya mrija upepo ni vinywele vidogo sana vinavyopepea kuelekea mfuko wa uzazi, na humo humo njiani ndio yai linakutana na mbegu za mwanaume, likiwa na kama saa 24 tu za kuishi. Klamidia, ugonjwa wa zinaa ambao wanawake wengi hawasikii dalili yoyote, inaweza kuharibu hivyo vinywele au kuacha kovu, na mahali pengine tundu la mrija lina upana wa kama milimita 1 tu.

Mimi nilijua hapa Kisumu kwa eksirei ya mirija, wanapitisha dawa kwa mlango wa kizazi mnaangalia kwa skrini. Kushoto ilipita ikamwagika kama moshi, kulia ikasimama tu. Nililia pale kitandani, miaka yote hiyo najilaumu kumbe ni kovu. (Mume pia apimwe, sio mirija kila wakati.)

Lesley Brown wa Uingereza alitafuta mtoto miaka 9, mirija imeziba. Novemba 1977 madaktari walichukua yai ambalo mwili wake ulikuwa umelikomaza wenyewe mwezi huo, wakalikutanisha na mbegu za mumewe nje ya mwili, wakalirudisha kwa mfuko wa uzazi. Mtoto wao Louise alizaliwa Oldham, Julai 25, 1978.