Pwani si Ufukwe Tu, na Bamvua si Mvua

Wako wanaoamini kwamba neno pwani limetoka Arabuni, kwa hoja kwamba hata jina Kiswahili linatokana na sawahil, wingi wa sahil, yaani pwani. Kwa jina la lugha hoja hiyo inasimama, lakini pwani lenyewe ni neno la Kibantu. Limeundwa kwa -pwa, shina la kitenzi kupwa, yaani maji kurudi nyuma na kuacha pakavu, likafuatiwa na kiambishi cha mahali -ni, kilekile tunachokisikia katika nyumbani na shambani. Kwa asili, basi, pwani ni mahali maji yanapokupwa.

Maana hiyo ingali hai mashariki ya Unguja. Mwanamke wa Paje au Jambiani akiaga kwamba anakwenda pwani, hamaanishi kupunga upepo ufukweni. Anakwenda kwenye uwanda mpana ulioachwa na maji, ambako ngalawa zimekaa mchangani na vigingi vya mwani vimechomoza safu kwa safu, na huko atafunga mbegu kambani, maji yakimfika magotini, mpaka bahari ianze kurudi. Anayelitumia neno hili kwa maana ya mchanga na hoteli peke yake ameliacha nusu, nami naona ni hasara kubwa.

Bamvua nalo, yaani maji ya bahari kujaa na kupwa kupita kawaida, kwa sauti yake hudhaniwa kuwa ni maji yaliyoongezwa na mvua. Ukweli ni kwamba bamvua hufuata mwezi: hutokea mwezi unapoandama na unapopevuka, au siku moja mbili baadaye, kwa sababu jua, dunia na mwezi huwa karibu katika mstari mmoja na mvuto wa jua huungana na wa mwezi. Huja wakati wa kiangazi sawasawa na wakati wa masika. Wengine, hasa wa mjini wanaoyaona maji yakipiga ukuta wa Forodhani, hudhani bamvua ni kujaa pekee, kumbe ni kujaa sana na kupwa sana kwa siku ileile. Bandarini Unguja tofauti hiyo hupita mita 3, ilhali siku za maji mafu, yaani yasiyojaa wala kupwa sana, huwa kama mita 1 tu. Wakulima wa mwani hulingojea bamvua kwa ajili ya kupwa kwake, maana ndipo mashamba ya mbali yanapofikika.

Maji mafu, kwa upande wake, si maji yaliyosimama. Hujaa na kupwa mara mbili kwa siku kama kawaida, ila hayaendi mbali, na vigingi vya mwisho hubaki chini ya maji.