Kwa nini saa ya mkononi haikuonyeshi kaskazini ukiwa Dodoma?

Kuna mbinu isiyoisha kusambazwa: ukipotea porini bila dira, tumia saa ya mishale. Kwa wakazi wa kusini mwa ikweta, alama ya 12 ielekezwe kwenye jua. Katikati ya hapo na mshale mfupi ndiko kaskazini. Mtu wa Tasmania, kisiwa cha kusini mwa Australia kilicho mbali na ikweta, akiifuata atafika salama.

Sasa simama Dodoma Machi 21, saa tatu asubuhi, mshale mfupi ukiwa kwenye 9. Jua liko karibu mashariki kabisa, lakini saa inashikilia kwamba liko kaskazini-mashariki. "Kaskazini" yake imepinda nyuzi 40 hivi: ukiifuata kilomita 5, utakuwa umekwenda upande zaidi ya kilomita 3. Ukingoja hadi saa tano ujaribu tena, kosa linapita nyuzi 60. Kasoro haimo kwenye saa, na kuirekebisha hakutasaidia.

Mbinu hii inachukulia kwamba jua hukuzunguka kwa mwendo uleule, nyuzi 15 kila saa. Chukua gurudumu la baiskeli, funga utepe mwekundu kwenye ringi, ujione umekaa katikati yake. Ukiwa kwenye ncha ya dunia, gurudumu limelala: utepe unakuzunguka taratibu na shingo yako inaufuata kama mshale wa saa. Ukiwa kwenye ikweta, gurudumu limesimama. Utepe unapanda mbele yako, unapita utosini, unashukia mgongoni. Asubuhi nzima umetazama upande mmoja tu; kisha, ndani ya dakika chache za adhuhuri, jua limehamia upande wa pili. Tasmania gurudumu limeinama, ndiyo maana mbinu inavumilika huko.

Dodoma haipo juu ya ikweta hasa, na majira nayo yana lake. Kuanzia wiki ya pili ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, jua la adhuhuri huko hukaa kusini. Miezi mingine hukaa kaskazini. Kanuni ya "jua la mchana liko upande fulani" haina pa kushika.

Kijiti kinashinda. Kichomeke wima, weka jiwe kwenye ncha ya kivuli, subiri dakika 20, weka la pili. Jiwe la kwanza ni magharibi, la pili mashariki. Hata hivyo kijiti nacho si msahafu: saa tatu asubuhi ya Juni mstari wake hukosea karibu nyuzi 20, ila ikifika saa sita mchana kosa limeshuka hadi nyuzi 5 hivi. Zile siku chache za Machi na Oktoba jua linapopita utosini, kivuli hutoweka kabisa, na hapo hakuna la kufanya ila kukisubiri kitokeze upande wa mashariki.