Namibia: wastani unavyotudanganya

Sensa ya 2023 iliwahesabu watu 3,022,401. Wagawe kwenye kilomita za mraba zipatazo 825,000, hupati hata watu 4 kwa kila kilomita. Hesabu hiyo haina kosa. Kosa linaanza pale watu wanapoitafsiri.

"Kote ni kutupu."

Anayesema hivyo hajavuka mji mdogo wa Oshivelo kuelekea kaskazini. Barabara ya kutoka Ondangwa hadi Oshakati imesongwa na maduka, gereji, baa na mbuzi wanaokatiza wapendavyo. Nyuma yake kuna maboma yaliyozungushiwa magogo na mashamba ya uwele, ambao wenyewe huuita mahangu. Mvua zikiwa nzuri, maji kutoka Angola hutapakaa kwenye mabonde ya kina kifupi yaitwayo oshana, na watu huingia humo na vikapu kuvua samaki. Mkoa wa Ohangwena una watu zaidi ya 30 kwa kilomita ya mraba, ilhali ||Karas, kusini kabisa, haufikishi hata mmoja. Wastani wa nchi haumwelezi mkazi wa huku wala wa kule.

"Jangwa ndilo lililowafukuza watu."

Kwa ukanda wa Namib, sawa. Lakini nyanda za kati zilikuwa malisho ya Waherero, na kusini walikaa Wanama. Kati ya 1904 na 1908 jeshi la Ujerumani, iliyokuwa ikiitawala nchi, liliwaua kwa makumi ya maelfu. Waherero wengi walisukumiwa jangwa la Omaheke wakafa kwa kiu. Ardhi yao ikagawiwa walowezi, ikawa mashamba ya mifugo ambayo unaweza kuendesha gari kandokando ya waya wake kwa muda mrefu usione nyumba. Utupu huo una tarehe. Tena kuna Mstari Mwekundu, uzio wa mifugo unaotenga kaskazini na sehemu nyingine ya nchi, ambao chimbuko lake ni vizuizi vya sotoka, ugonjwa wa ng'ombe, vya miaka ya 1890: hadi leo msafiri anayeshuka kusini husimamishwa getini, na nyama mbichi haipiti.

"Wengi ni Wahimba, au Wajerumani."

Hizo ni picha za watalii. Wahimba ni jamii ndogo ya mkoa wa Kunene, kaskazini-magharibi. Kijerumani ni lugha ya nyumbani kwa takriban kaya moja katika mia, huku Oshiwambo, lugha ya kaskazini, ikisemwa na karibu nusu ya kaya zote. Kiingereza, lugha rasmi tangu uhuru wa 1990, kina wenyewe wachache sana majumbani.

"Nchi pana hivyo haiwezi kukosa viwanja."

Hii ndiyo inayonishangaza kuliko zote. Mwaka 2011 watu walikuwa milioni 2.1, miaka 12 baadaye wameongezeka takriban laki tisa, na nusu ya nchi sasa iko mijini. Windhoek, mji mkuu uliobanwa na milima, ndio unaobeba mzigo. Mtaa wake wa Katutura jina lake ni la Kiherero: mahali tusipotaka kukaa. Weusi walihamishiwa huko kwa nguvu, na tarehe 10 Desemba 1959 polisi waliwapiga risasi waliokuwa wakipinga. Siku hizi vijana wa kaskazini wanakuja wenyewe kutafuta kazi. Wanakopata nafasi ni mbele zaidi ya Katutura, pande za Havana, ambako vibanda vya mabati, kambashu, vinazidi kupanda vilima na ndoo hupangwa foleni kwenye bomba la pamoja.