Legasi ya bondia na kosa la kuhesabu upande mmoja

Legasi ya bondia ni majumuisho ya aliowapiga, aliwapiga lini, na siku hiyo yeye na wao walikuwa katika hali gani. Rekodi ni kitu kingine. Rekodi ni idadi ya kushinda, kupoteza na sare, na yeyote anaisoma kwa sekunde tano. Hilo wapenzi wengi wa ngumi wanalijua. Tatizo linaanza pale bondia wa uzito wa juu anapofika miaka 37 au 38, anapigwa na aliye mdogo kwake, na kila mtu anatoa hukumu kulingana na anayempenda.

Utasikia: "Alikuwa ameshazeeka, pambano lile halihesabiki." Nakubali. Lakini kama halihesabiki kwa aliyepigwa, basi halihesabiki pia kwa aliyepiga. Huwezi kumfutia mmoja deni halafu mwenzake ukamruhusu alipwe.

Tazama Las Vegas, tarehe 2 Oktoba 1980. Muhammad Ali ana miaka 38 na amekaa miaka miwili bila kupigana. Februari ya mwaka huo huo alikuwa Dar es Salaam kama mstaafu, ametumwa na Rais Carter wa Marekani kuishawishi Tanzania isusie Olimpiki ya Moscow, na Mwalimu Nyerere akakataa kuonana naye. Sasa amerudi ulingoni. Dawa za tezi ya shingo alizokuwa akinywa zimemkondesha, tumbo limekwisha, na watu wakimwona wanadhani ujana umerudi, kumbe nguvu ndiyo iliyokwisha. Larry Holmes, aliyewahi kuwa akifanya naye mazoezi, anamchapa ngumi ya kushoto raundi baada ya raundi, huku akimtaka refa Richard Green alisimamishe pambano. Majaji wote watatu wanampa Holmes kila raundi. Baada ya raundi ya 10, Angelo Dundee, kocha wa Ali, anakataa kumruhusu Ali ainuke tena kwenye kona. Katika mapambano 61, ndiyo mara pekee Ali alipoteza kabla ya kengele ya mwisho.

Usiku ule haumpunguzii Ali kitu, wala haumwongezei Holmes. Anayetaka kumsifu Holmes aende Juni 1978, alipopigana raundi 15 na Ken Norton, majaji wakagawanyika na kila kadi ikatofautiana kwa pointi moja tu. Au aende Septemba 1979, Earnie Shavers alipomwangusha raundi ya saba kwa ngumi ya kulia ambayo wengi wasingeinuka nayo, naye akainuka na kummaliza Shavers raundi ya 11. Hapo pana legasi. Tena kubwa kuliko anavyopewa, kwa sababu bado watu wanamkumbuka kama mtu aliyempiga mzee Ali.

Sasa sogea hadi Januari 1988. Mike Tyson anamwangusha Holmes raundi ya nne, na mpaka leo mashabiki wa Tyson wanauweka ushindi huo juu kabisa ya orodha. Holmes siku hiyo alikuwa na miaka mingapi? 38, umri ule ule wa Ali, na hakuwa amepigana tangu Aprili 1986. Anayemtetea Ali kwa hoja ya uzee hana budi kumtetea na Holmes kwa hoja hiyo hiyo. Na Tyson hana hasara, maana Juni mwaka ule ule alimmaliza Michael Spinks kwa sekunde 91, na Spinks hakuwa amepoteza pambano hata moja. Ushindi huo ndio wa kuwekwa juu.

Kuna wanaokimbilia upande wa pili na kufuta kila ushindi dhidi ya mtu mzima. Nao wanakosea, kwa sababu kinachopimwa ni hali ya mtu, na umri ni dalili mojawapo tu. Rocky Marciano alimpiga Joe Louis mwaka 1951, Louis akiwa na miaka 37, ameshauachia ubingwa na anapigana huku akidaiwa kodi na serikali. Mwaka uliofuata Marciano akampiga Jersey Joe Walcott mwenye miaka 38. Kwa umri Walcott alikuwa mkubwa kuliko Louis yule. Lakini Walcott ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia, alimwangusha Marciano raundi ya kwanza, na alikuwa anaongoza kwa pointi mpaka ngumi ya raundi ya 13 ilipomlaza. Ushindi juu ya Walcott unahesabika wote. Ule juu ya Louis ni kidogo sana, ingawa kwenye ile rekodi ya Marciano ya mapambano 49 bila kupoteza yote mawili yanasomeka sawa.

Ndiyo maana ushindi wa uzeeni una uzito wake. Holmes alimpiga Ray Mercer, ambaye hakuwa amewahi kupoteza, akiwa na miaka 42. George Foreman alimwangusha Michael Moorer akiwa na miaka 45, nyuma kwa pointi, na Moorer alikuwa bingwa wa miaka 26 asiye na doa.

Kwa hiyo wanaosema Tyson alijiharibia legasi Novemba 2024, alipopoteza kwa pointi mbele ya Jake Paul, mtu wa YouTube aliyegeukia ngumi, Tyson akiwa na miaka 58, nawaelewa, maana ilikuwa vigumu kutazama. Ila zile raundi nane za dakika mbili mbili haziingii kwenye hesabu hii, si kwake wala si kwa Paul. Mnaotaka kumdai Tyson, mdaini Tokyo, 11 Februari 1990: ana miaka 23, mapambano 37 bila kupoteza, mikanda mitatu ya ubingwa mikononi, na Buster Douglas akamlaza raundi ya 10. Hilo linahesabika lote, kwa Tyson na kwa Douglas.