Hata bila kuguswa

Wengi nchini Uganda huamini kwamba pasipo kuguswa mwili hakuna unyanyasaji wa kingono kazini. Sheria ya Ajira ya 2006 inataja pia maneno, maandishi na picha za kingono asizozitaka mfanyakazi, zikimdhuru. Bosi anayemwandikia karani saa nne usiku, "Njoo gesti, mkataba nitausaini," hajamgusa mtu, lakini sheria inamhusu. Mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 analazimika kuweka hatua za kuzuia hayo. Ukitaka uhakika, sheria inasomeka bure mtandaoni, na sera ya ofisi iombe kwa meneja. Malalamiko hupokewa na afisa wa kazi wa serikali.